Fundi wa klima yuko na mikono, lakini karatasi yake iko wapi?

Mwezi wa kumi, mbele mvua ishike nguvu, joto la Kolwezi halina huruma. Ni wakati huo njo klima ya biro yetu ilikataa kutoa baridi. Tuliita fundi. Alikuja na chupa ya gazi ku bega, akafunga manometa, akajaza, akatuachia fakture yenye kashe, akapokea franga zake, akaenda. Kisha wiki tatu klima ikaanza tena kupuliza upepo wa moto. Tuliita fundi wa kampuni ya pili: naye akajaza, akaacha fakture. Wa tatu vilevile. Kati yao hakuna hata mumoja aliyetuuliza gazi ya kwanza ilienda wapi.

Na hilo njo swali lenyewe. Gazi ya klima haiishe sawa vile esanse ya motoka. Inazunguka mu tiyo, inabeba joto la ndani na kulitupa inje, inarudia, inaanza tena. Mashini ikifungwa vizuri, gazi ileile inatumika miaka na miaka. Ikipunguka, kuna mahali inatokea. Mwenye kujaza bila kutafuta mahali hapo anamimina maji mu ndoo yenye kutoboka, na mwenye nyumba anamulipa kwa kila ndoo.

Tulianza kuandika habari hii juu ya hasira tu, tuseme ukweli. Lakini tulipoanza kuuliza nani anamupatia mutu ruhusa ya kufanya kazi ya klima hapa Lualaba, na ni makaratasi gani yanaombwa mbele aingie mu kampuni ya migodi, tuliona kama jambo linapita klima yetu. Linagusa watoto wetu wenye walijifunza kazi ya baridi na wanabaki ku mulango wa kampuni. Linagusa pia baba mwenye anapitisha siku muzima ndani ya kabini ya mashini.

Tuanze na huyo baba.

Watu wengi wanawaza klima ni kitu cha wakubwa, cha biro na cha hoteli. Mu karyeri si vile. Kabini ya ekskavata, ao ya kamyo kubwa ya kubeba mawe, inafungwa pande zote. Mashini ya hewa inavuta upepo wa inje, inaupitisha mu filtre, inauingiza ndani kwa nguvu kidogo ili presha ya ndani ipite ile ya inje, na vumbi ikose njia hata pale mupira wa mulango umeanza kuzeeka. Klima ikikufa, kabini yenye vioo kila upande inageuka kuwa furu ya matofali. Mutu afanye nini? Anafungua kioo. Pale vumbi la mawe linaingia moja kwa moja mu kifua. Vumbi lenye silika njo linaleta silikozi, ule ugonjwa wa mapafu wenye wazee wa migodi wanaujua, na mupaka leo hakuna dawa ya kurudisha mapafu vile yalikuwa. Mama mwenye kufula nguo za kazi anajua bila kuuliza kama klima ya mashini inatumika: anaangalia kola ya shati na rangi ya maji mu beseni.

Kisha kuna vyumba vya umeme vyenye vifaa vinazimika vikipata moto kupita kipimo, na ikiwa vimezimika pompe nayo inasimama. Kuna laboratware, vyumba vya kompyuta, vyumba vya baridi vya kantini penye nyama na samaki wa watu mia na mia, na vyumba vya kulala vya kambi. (Hewa ya chini ya udongo, kama kule Kamoto ao Kakula, ni kazi nyingine kabisa, yenye vantilatere kubwa na hesabu zake. Hatutaiongelea leo.) Ukihesabu vyote, kazi ya baridi mu migodi ya Lualaba si ya mutu mumoja mwenye ngazi ku pikipiki. Ni soko.

Nani anafanya hiyo kazi? Wakati wa Gécamines jibu lilikuwa fupi: Gécamines. Ilikuwa na ateliye zake na watu wake wa umeme na wa mashini. Kijana aliingia, akawekwa chini ya mukubwa wa kazi, na ni mukubwa huyo aliyejua kama mukono wake umeiva ao bado. Karatasi ya fundi ilikuwa ni matrikile yake. Halafu mambo yakaharibika. Mwaka 1990 sehemu ya mugodi wa Kamoto iliporomoka, na miaka yenye ilifuata tunaijua wote. Mwaka 2003 ikakuja programu ya kuondoka kwa mapenzi, ile watu wanaita mpaka leo depar volontere: wafanyakazi 10 655 walipokea franga mara moja na kuachana na kampuni. Pamoja na watu hao, ufundi wote wa zile ateliye ulitoka na kutawanyika mu makartye.

Kampuni mupya zilipokuja, hazikujenga tena ateliye za namna ile kwa kila kazi. Kazi nyingi zinapewa kampuni zingine za inje: chakula, ulinzi, usafi, kubeba watu, na klima. Hiyo njo sutretansi. Mwaka 2021 shirika RAID la Uingereza pamoja na CAJJ ya hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mikubwa mitano ya kobalti. Walihesabu kama wafanyakazi 57 kwa 100 walikuwa wa kampuni za inje, si wa mugodi wenyewe. Kwa maneno mengine, mu nyumba nyingi zenye zinakula juu ya mugodi, jina la mugodi haliko ku fishi ya malipo.

Tuko na jirani mumoja ku Manika. Baba yake alikuwa mu ile liste ya 2003. Kijana alijifunza kazi ya baridi kwa kutengeneza frigo za wamama wenye kuuza samaki, na mama wa samaki hana subira: frigo ikisimama usiku, asubuhi anakosa mutaji. Kwa hiyo kijana alijifunza kwa haraka na alijifunza vizuri. Yuko na manometa zake, pompe ya kuvuta hewa, shalimo, hata mizani ya kupima gazi. Siku moja alienda ku kampuni moja kuomba kazi ya kusafisha na kutengeneza klima za kambi. Hawakumuuliza namna gani anatafuta mahali gazi inatokea. Walimuuliza RCCM, NIF na karatasi ya ARSP. Hakuwa hata na moja.

Tangu hapo anatumikia chini ya karatasi ya mutu mwingine. Mwenye karatasi anasaini kontra na kutoa fakture, jirani yetu anapanda ngazi. Analipwa kwa kila klima, kisha mwenye karatasi amelipwa, na ile siku inaweza kukawia. Jina lake haliko ku CNSS. Siku akianguka juu ya nyumba, hakuna mutu ataandika kama alianguka ku kazi. Bibi yake alituambia kama hapendi kusikia simu inalia saa za kazi.

Sheria inasema nini? Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 mwezi wa 2, mwaka 2017, ndiyo inapanga mambo ya sutretansi mu kampuni za watu binafsi, na migodi iko ndani. Neno lake kubwa ni hili: kazi ya sutretansi ni ya kampuni yenye mutaji wa Wakongomani, yenye iliundwa na Wakongomani, na biro yake kubwa iko mu inchi. Kampuni ya kigeni inaweza kuitwa tu ikiwa ufundi wenye unatafutwa haupatikane hapa, tena lazima kuonyesha ushuhuda kwa leta, tena kwa kazi isiyopita miezi sita. Sheria inakataza pia kampuni kubwa kupana inje zaidi ya 40 kwa 100 ya bei ya soko lake. Na kuna fungu lenye mafundi wengi hawajalisikia: mbele kazi ianze, mwenye kutoa kazi anapaswa kutanguliza angalau 30 kwa 100 ya bei. Kwa mutu mwenye hana franga za kununua gazi ya klima mia moja, fungu hilo njo linatenganisha kupata kazi na kuikosa. Lakini wangapi wanaliomba? Mutu anaogopa kuomba haki ku mulango, asionekane mugumu.

Mwaka 2018 ndipo ARSP iliundwa kwa dekre, ile biro ya leta yenye inalinda sheria hiyo na kuandikisha kampuni za sutretansi. Bila kuandikwa ku ARSP, mulango wa kampuni kubwa unafungwa.

Basi tufuate njia yenye kijana wetu anapaswa kufuata. Ya kwanza ni kuamua kama anafungua etablisema kwa jina lake mwenyewe ao SARL. Tofauti yao si ndogo. Mu etablisema, deni la kazi ni deni lake: wanaweza kufika mupaka ku nyumba na pikipiki. Mu SARL, kwa kawaida deni linabaki ku kampuni. Wengi wanaogopa SARL juu wanawaza ni ya watu wengi na matajiri. Kumbe kisheria mutu mumoja anaweza kuifungua yeye peke, na marafiki watatu wanaweza kuifungua pamoja.

Kisha ni Guichet Unique, biro yenye iliwekwa tangu 2012 ili mutu asizunguke biro kumi. Pale njo wanatoa RCCM, ni kusema kuandikwa mu kitabu cha biashara cha OHADA. Nambari ya kitaifa, ile ya Id. Nat.; na NIF, nambari ya kodi. Tusichanganye na patente ya kartye. Patente ni ya biashara ndogo, na kampuni ya migodi haitaiangalia mara mbili. Uliza bei yenye imebandikwa, lipa ku banki, chunga resu. Mwenye kukuomba franga pembeni ili dosie itembee, muombe akuandikie resu ya zile franga pia, utaona namna sauti yake itabadilika.

Kisha kufungua konte ya banki kwa jina la kampuni, na kujiandikisha ku CNSS, ku INPP na ku ONEM juu ya wafanyakazi, hata kama ni wawili. Ndipo dosie inaenda ku ARSP. Na ikiisha kupita yote hayo, kila mugodi bado uko na masharti yake yenyewe: uchunguzi wa daktari, mafundisho ya usalama, viatu na kaske, wakati mwingine asuransi. Usipitishe neno la asuransi haraka. Fundi mwenye kuangusha klima juu ya motoka ya mukubwa atakumbuka mistari hii.

Sasa njo tunafika ku jambo lenye linatusumbua. Rudia kusoma hayo makaratasi yote, moja moja. Karatasi moja inauliza nani mwenye kampuni. Ingine inauliza kama analipa kodi. Ingine inauliza kama mutaji ni wa Mukongomani. Hakuna hata moja yenye inauliza: mutu mwenye atafungua hii tiyo, anajua kazi?

Hatusemi sheria ya 2017 ni mubaya. Ilikuja kujibu kilio cha kweli, cha soko zilizopita juu ya kichwa cha watoto wa inchi. Lakini karatasi yenye inauliza jina tu inaleta biashara ya majina. ARSP yenyewe imelalamika mara nyingi mbele ya watu juu ya hao wenye kukopesha jina: Mukongomani anawekwa ku makaratasi kama mwenye kampuni, na nyuma yake kuna mutu mwingine mwenye anashika feza zote. Mwenye kukopesha jina anapata kitu kidogo kila mwezi. Mwenye kupanda ngazi anapata kidogo zaidi ya hapo. Na mwenye kukaa mu kabini anapata vumbi.

Inchi zingine zimejaribu kuuliza maswali mawili kwa pamoja. Makamyo yenye yanabeba shaba yetu kwenda Dar es Salaam yanapita mu inchi yenye, tangu sheria ya 1997, kampuni za kazi hii, ile wao wanaita makandarasi, lazima ziandikwe ku bodi moja yenye kuitwa CRB. Bodi hiyo inazipanga kwa madaraja, kufuata watu wao wa ufundi, vyombo vyao na kazi zenye walifanya. Daraja la chini halichukue soko la daraja la juu. Kenya nayo iko na sheria ya namna hiyo tangu 2011. Marekani walienda mupaka ku mutu mwenyewe: tangu mwaka 1994, mwenye kushika gazi ya klima lazima apite mutihani na awe na cheti, na bila cheti muuzaji haruhusiwe kumuuzia gazi. Fikiri kidogo jambo hilo ku soko letu, penye chupa ya gazi inauzwa karibu na ndoo za rangi, kwa kila mwenye kunyoosha franga.

Na gazi si muchezo. Tutoe mufano wenye mafundi wazuri wanaujua. Kisha kuunganisha tiyo ya shaba kwa shalimo, lazima kujaza presha ndani ili kuona kama haivuje. Wanatumia azoti, sababu azoti haiwake. Fundi mwenye hana azoti lakini yuko na chupa ya oksijeni ya shalimo anaweza kuwaza kama hewa ni hewa. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresere inalipuka. Kompresere inapasuka sawa bomu, na mwenye kuishika hatakuwa na wakati wa kujifunza. Kosa hilo limeua mafundi mu inchi nyingi.

Ingine: gazi ya R-410A, yenye iko mu klima nyingi za leo, inatumika na presha yenye inapita ile ya R-22 ya zamani kwa karibu 60 kwa 100. Manometa na tiyo za zamani hazikutengenezwa kwa presha hiyo. R-32, yenye inakuja nyuma yake, inaweza kuwaka moto. Na kuna chupa za udanganyifu. Mwaka 2011 kontena za baridi zenye zilijazwa gazi ya uongo ku Vietnam zililipuka, watu watatu wakakufa. Mu ile gazi kulikuwa kemikali yenye inakula alimini ya ndani ya kompresere. Ku chupa kuliandikwa R-134a, sawa vile ku chupa zingine zote.

Tena R-22 yenyewe iko inaenda kuisha. Kufuatana na mapatano ya Montreal ya 1987, yenye yanalinda ozoni, inchi kama yetu zinapaswa kuipunguza: 35 kwa 100 mwaka 2020, 67,5 kwa 100 mwaka 2025, na kuiacha karibu yote mwaka 2030. Kwa hiyo bei yake itapanda, na bei ikipanda udanganyifu unafuata. Mwenye anapanga kununua klima ya okazio yenye R-22 kwa sababu ni rahisi, ahesabu pia ile gazi atanunua wapi kisha miaka tano.

Kuna jambo lingine dogo, tunaliweka hapa juu linatuchekesha na kutuumiza. Ile tiyo ya klima ni shaba. Shaba inatoka chini ya miguu yetu, inapanda kamyo ikiwa katode, inavuka bahari, inarudia Kolwezi ikiwa tiyo yenye kuzungushwa mu karto, na fundi wa Manika anainunua kwa metre.

Basi kijana afanye nini mwaka huu, wakati leta bado inachelewa kuuliza swali la pili? Tulizungumuza na watu wa kazi, na tuko na mawazo yetu.

Kwanza, asiende yeye peke. Makaratasi yote tuliyoyataja yanakula franga na siku, na mutu mumoja anachoka katikati. Mafundi watatu wa baridi pamoja na mumoja wa umeme wakifungua SARL moja, wanagawanya mizigo hiyo mara ine, tena wanakuwa na jibu mugodi ukiuliza kama wako na watu wa kutosha. Waandikishane vizuri tangu mwanzo nani ana sehemu gani. Urafiki wa Kolwezi unavunjika siku ya malipo ya kwanza, si siku ya njaa.

Pili, atafute karatasi ya mikono hata kama hakuna mutu anaiomba. INPP, shule ya leta ya kufundisha kazi tangu 1964, inafundisha baridi na klima na inatoa cheti. Mutu mwenye anajua kazi tayari anaona haya kukaa ku banki na watoto wa miaka 18. Tunamuelewa. Lakini mukubwa wa mugodi akiwa na dosie mbili zenye RCCM sawa, NIF sawa, ARSP sawa, cheti kile njo kitamufanya achague. Tena aandike mu kaye kila kazi: tarehe, mashini, ilikuwa na nini, gazi kilo ngapi. Kaye ya namna hiyo ni ushuhuda.

Tatu, asikopeshe jina na asikope jina. Ikiwa analazimika leo kutumika chini ya karatasi ya mwingine, aombe angalau kontra ya kazi na kuandikwa ku CNSS. Mwenye kumukatalia hayo mawili amemuonyesha mapema namna atamutendea siku ya kuanguka.

Na wewe baba wa ekskavata, uko na haki ya kusema. Klima ya kabini ikikufa, iandike mu fishi ya mashini mbele ya kuanza kazi, sawa vile unaandika freni. Waambie wajumbe wa sendika waulize jambo moja mu mukutano wa usalama: kampuni yenye inatengeneza klima za mashini, watu wake walijifunza wapi? Ni swali fupi. Lakini ikiwa linaulizwa kila mwezi, mwenye kuandika kontra ataliweka mu kontra.

Ku nyumba, mama, ita fundi na umuulize mambo matatu tu mbele afungue chupa. Gazi inatokea wapi? Utavuta hewa mu tiyo kwa pompe, na kwa dakika ngapi? Utapima gazi na mizani ao na macho? Akikasirika, mupe maji ya kunywa na umuage.

Tumalizie habari ya klima yetu. Mara ya ine tulimuita jirani wa Manika. Alipaka povu ya sabuni ku kila mahali tiyo inakutana, akatuonyesha kitobo kwa kidole: ekrou moja nyuma ya mashini ya inje, povu ilikuwa inachemka polepole. Alikata ile ncha ya tiyo, akaitanua upya, akaweka azoti, akangoja, akavuta hewa nusu saa, akapima gazi gramu kwa gramu. Kazi ilichukua asubuhi muzima. Bei yake ilipita ya kujaza mara moja, lakini haikufika ya kujaza mara tatu. Tangu siku ile inatoa baridi mpaka wengine wanavaa makoti.

Kisha tulimupeleka kwa muhasibu wetu alipwe. Muhasibu aliomba fakture yenye NIF. Jirani hakuwa nayo. Muhasibu hakukataa kwa ubaya, njo vile sheria ya kazi yake iko. Tulichanga mu mifuko, kila mutu kidogo. Zile fakture tatu za kwanza ziko bado mu klasere, na kashe zao, na NIF zao, zimelipwa zote.